Alama ya Pembetatu ya Kijani

Mwaka 1996 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Jirani na chuo chetu ilikuwapo shule ya msingi ya mazoezi, ambako wanachuo walikwenda kujifunza kufundisha. Mwezi wa sita, muhula ulipokuwa unakaribia kufungwa, niliamua kuwafurahisha watoto wa darasa la tatu na la nne. Chuo kilikuwa na televisheni moja na deki moja. Kwetu Tanzania Bara televisheni ilikuwa bado kitu kigeni, kwani vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Uingereza, aliyekuwa amemaliza mkataba na kurudi kwao, alituachia mkanda wa filamu ya katuni iitwayo The Lion King, iliyotengenezwa na kampuni ya Walt Disney na kutoka mwaka huohuo wa 1994.

Mimi mwenyewe sikuwa nimeitazama filamu hiyo. Nilitazama jalada lake tu. Juu yake palikuwa na pembetatu ndogo ya kijani yenye herufi U, ambayo maana yake ni kwamba filamu inafaa kwa watu wote. Nikasema moyoni, hii haina neno. Nikaagiza mabenchi yapangwe bwaloni.

Watoto walifurahi kupita kiasi. Walipiga makofi waliposikia mtoto wa mfalme akiitwa Simba, nao wakapasuka kwa kicheko fisi mmoja alipoitwa Shenzi. Kisha ukafika mkasa wa korongo. Nyumbu maelfu wanateremka kwa kishindo. Mfalme anamwokoa mwanawe, lakini ndugu yake mwenyewe anamtupa chini kutoka juu ya jabali, naye anakufa. Mtoto anamkuta baba yake amelala, anamsukuma kwa kichwa, anamvuta sikio, anamsihi aamke. Bwalo lote likawa kimya. Mtoto mmoja wa kiume, mwenye umri wa kama miaka tisa, akainuka akaja mlangoni nilipokuwa nimesimama.

"Shikamoo mwalimu. Naomba kwenda nje."

"Marahaba. Filamu bado haijaisha. Rudi ukae."

Akarudi akakaa. Tangu hapo hadi mwisho aliziba masikio kwa viganja vyake. Hakuziba macho, aliziba masikio. Mimi nilimwona, na nikadhani ni utundu.

Jioni ile mwalimu wake wa darasa alinifuata ofisini. "Mkuu," akasema, "yule mtoto alimzika baba yake baada ya Pasaka." Akanieleza mengine. Siku ya msiba mtoto huyo alikuwa ametumwa dawa zahanati, naye njiani akasimama kutazama mpira. Aliporudi, kilio kilikuwa kimeshaanza. Mtu mzima mmoja wa ukoo, kwa uchungu wake, alimwambia maneno ambayo mtoto hapaswi kuambiwa. Sasa, msomaji aliyeiona filamu ile atakumbuka kinachofuata baada ya korongo: baba mdogo anamwambia yule mwanasimba kwamba kifo cha baba yake ni kosa lake, naye akimbie asirudi tena. Ndiyo sababu mtoto yule aliziba masikio.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja. Pembetatu ile ya kijani ilikuwa imepima nini? Nilipostaafu nilipata nafasi ya kusoma habari za jambo hili, na katika kurasa hizi napenda kumshirikisha msomaji niliyoyaona.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba ukaguzi wa filamu huko Uingereza haukuanza kwa ajili ya watoto. Ulianza kwa ajili ya moto. Filamu za mwanzo zilitengenezwa kwa dutu iliyoshika moto upesi mno, na majumba ya sinema yaliungua na kuua watu. Mwaka 1909 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuyapa mabaraza ya miji mamlaka ya kutoa leseni kwa majumba hayo. Mabaraza yalipokwisha kupata mamlaka juu ya jengo, yakaanza kujitwalia mamlaka juu ya kinachoonyeshwa ndani ya jengo. Wenye filamu, wakiogopa kila mji kuwa na masharti yake, waliunda bodi yao wenyewe mwaka 1912. Bodi hiyo ilianza kazi mwaka 1913 ikiwa na alama mbili tu: U kwa filamu za watu wote, na A kwa filamu zinazofaa zaidi watu wazima.

Bodi hiyo iliogopa nini? Mwaka 1916 rais wake, T. P. O'Connor, alitaja sababu 43 za kukata au kukataa filamu. Baadhi zinaeleweka hata leo, kama vile ukatili kwa wanyama. Lakini ndani yake yalikuwamo pia mahusiano ya wenye mitaji na wafanyakazi, na habari za India zinazowaonyesha maofisa wa Kiingereza kwa sura mbaya. Kwa hiyo orodha ile haikuwa orodha ya mambo yanayomtisha mtoto usiku. Ilikuwa, kwa sehemu kubwa, orodha ya mambo yaliyowatisha wakubwa mchana.

Marekani nao walipita njia yao. Kanuni za maadili zilizojulikana kwa jina la Will Hays ziliandikwa mwaka 1930 na kuanza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934. Chini ya kanuni hizo hapakuwa na umri: filamu ama ilipita kwa wote, ama haikupita. Mpango wa madaraja uliletwa na Jack Valenti tarehe 1 Novemba 1968, ukiwa na herufi nne: G kwa wote, M kwa waliopevuka, R kwa watoto wanaosindikizwa na mkubwa, na X kwa watu wazima peke yao. M ikageuzwa, na hatimaye mwaka 1972 ikawa PG, yaani mzazi atoe mwongozo.

Mwaka 1984 mpango huo ulipata msukosuko. Filamu mbili, Indiana Jones and the Temple of Doom na Gremlins, zilipewa PG, na wazazi wengi wakaenda na watoto wadogo. Katika ile ya kwanza mtu anang'olewa moyo kifuani kwa mkono akiwa hai. Wazazi walilalamika kwa sauti kubwa. Steven Spielberg, aliyeiongoza filamu hiyo na kuisimamia ya pili, alipendekeza liwepo daraja la katikati, na tarehe 1 Julai 1984 ikazaliwa PG-13. Hapo naona somo moja la historia: alama hazikuja kwa sababu mtu alikaa akachunguza watoto. Zilikuja baada ya kelele. Kila daraja jipya ni kumbukumbu ya watoto waliokwisha kutishwa.

Sasa tutazame mambo matatu yanayopimwa: maneno, mapigano na vitisho. Nayachukua moja moja, kama tulivyozoea kufanya ubaoni.

Kwa upande wa maneno, wakaguzi huhesabu. Mwaka 2010 ilitoka filamu The King's Speech, inayosimulia jinsi Mfalme George wa Sita wa Uingereza alivyotibiwa kigugumizi. Katika matibabu hayo mfalme anatapika matusi mfululizo ili ulimi ulegee. Marekani waliipa R kwa sababu ya matusi hayo. Uingereza kwanza waliipa 15, kisha baada ya rufaa wakaishusha kuwa 12A, wakisema matusi yale ni ya matibabu. Filamu ni ileile na maneno ni yaleyale. Sikio la Marekani lilihesabu maneno. Sikio la Uingereza, baada ya kuombwa, liliuliza yanasemwa kwa ajili gani.

Lakini sikio husikia lugha linayoijua tu. Mwaka 1964 ilitoka filamu ya watoto Mary Poppins, nayo ikapata U. Ndani yake mzee mmoja anatumia neno Hottentots, jina la dharau ambalo wakoloni waliwapa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Miaka 60 ikapita. Mwaka 2024 bodi ya Uingereza iliipandisha filamu hiyo hadi PG kwa sababu ya neno hilo. Nawapongeza, japo wamechelewa. Lakini nageuka kwenye The Lion King na yule fisi wake. Msomaji wangu anajua neno shenzi ni neno gani. Anajua ni nani walilitumia kwa babu zetu mashambani na katika ofisi za mabwana shauri. Katika nyumba nyingi za Waswahili mtoto akimwita mwenzake hivyo mezani, atakiona cha mtema kuni. Hata hivyo neno hilo lilipita chini ya pembetatu ya kijani, kwa sababu kwa waliokaa kwenye kiti cha ukaguzi lilikuwa jina la fisi basi. Watoto wetu 80 walilisikia, ndiyo maana walicheka. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa upande wa mapigano, wakaguzi hutazama damu. Mtu akipigwa risasi na damu isionekane, alama hushuka. Damu ikionekana, alama hupanda. Matokeo yake ni ya ajabu. Watafiti wa Marekani walioandika katika jarida la Pediatrics mwaka 2013 waligundua kwamba matumizi ya bunduki katika filamu maarufu za PG-13 yaliongezeka zaidi ya mara tatu tangu 1985. Yaani daraja lililoundwa ili kuwakinga watoto likageuka kuwa mlango wao wa kuingilia, mradi maiti zisitoe damu. Mimi kama mwalimu naona fundisho hilo ni baya kuliko damu yenyewe. Damu humwambia mtoto kwamba risasi inaumiza.

Kwa upande wa vitisho ndipo kipimo kinaposhindwa kabisa, kwa sababu hofu haimo katika filamu peke yake. Nusu yake mtoto amekuja nayo kutoka nyumbani. Mwaka 1938 filamu ya katuni ya Snow White ilipofika Uingereza ilipewa A kwa sababu ya yule mchawi na msitu wa kutisha, hata watoto wasiingie bila mtu mzima. Leo filamu hiyohiyo ina U. Mwaka 1978 filamu ya katuni ya sungura, Watership Down, ilipewa U, nayo ikaliza watoto kwa miongo. Baada ya zaidi ya miaka 40 ikapandishwa hadi PG. Moja imeshuka, moja imepanda. Hata ile The Lion King ilipotengenezwa upya mwaka 2019, kwa picha zinazofanana na wanyama halisi, ilipewa PG. Kifo ni kilekile, korongo ni lilelile. Kilichobadilika ni manyoya.

Yuko atakayesema, Mwalimu, hayo ni ya Wazungu, yatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Zamani sisi sote, wazee kwa vijana, tuliwekwa katika daraja la watoto. Kati ya 1935 na 1937 palifanyika jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Zilitengenezwa filamu 35 juu ya kilimo, afya, akiba ya posta na mengineyo, zikatembezwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uingereza ikaunda kitengo cha filamu za makoloni. Mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika asiyesoma aonyeshwe picha za taratibu na rahisi, zisizorukaruka, asije akachanganyikiwa. Na huko Rhodesia ya Kaskazini, nchi iliyokuja kuitwa Zambia mwaka 1964, filamu za Waafrika zilikaguliwa mbali na za Wazungu, na yaliyoruhusiwa kwa mtoto wa Kizungu yaliweza kukatazwa kwa mchimba madini mwenye wake na wajukuu.

Mimi nililiona gari la sinema nikiwa mdogo, miaka ya hamsini. Tulikaa majanini, na baba yangu, mtu mwenye ndevu, alikaa nasi majanini akifundishwa kuosha mikono. Namkumbuka njiani tukirudi akisema, "Wametuona watoto." Hakusema zaidi. Kwa hiyo ninapoona alama ya umri, najua kwamba ni chombo cha ulinzi, lakini najua pia kwamba kilishawahi kutumika kuwafanya wakubwa wadogo.

Baada ya Uhuru nchi zetu ziliweka sheria zake. Tanzania ilipitisha Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza mwaka 1976, na Kenya ina bodi yake inayogawa filamu kwa madaraja, tangu za watu wote hadi za waliotimiza miaka 18. Sizidharau juhudi hizo. Lakini ni nani asiyeyajua mabanda ya video ya mitaani kwetu, ambako filamu za mauaji zilionyeshwa hadi usiku, mtoto akiingia kwa sarafu yake? Humo hata alama ya nje haikuwa na maana, kwani msimulizi alitafsiri kwa Kiswahili papo hapo na kutia matusi ambayo mtunzi wa filamu hakuyaota. Na siku hizi banda limo mfukoni mwa mtoto, ndani ya simu, wala halina bawabu.

Basi je, alama zifutwe? La, hasha. Njia isiyo na kibao cha kona kali ina ajali nyingi zaidi. Ninachosema ni kwamba kibao hakiendeshi gari. Alama inapima filamu. Haiwezi kumpima mtoto. Wakaguzi wa London hawakuwa na namna ya kujua kwamba katika bwalo la chuo changu palikuwa na mtoto aliyechelewa na dawa. Mwalimu wake wa darasa alijua. Mimi ningeweza kujua kama ningeuliza. Sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na pembetatu.

Bibi yangu mzaa mama alitusimulia hadithi za kutisha kuliko filamu yoyote ya Disney. Mazimwi yake yalimeza watoto, mama wa kambo wake walizika watu wakiwa hai. Kama angepelekwa mbele ya bodi yoyote, asingepata U. Lakini bibi alisimulia usiku, karibu na moto, akitutazama nyuso. Akiona mdogo wetu anasogea mgongoni kwa mwenziwe, zimwi lilipunguzwa meno. Ikiwa nyumbani mlikuwa na mgonjwa, hadithi ya kifo haikutoka usiku huo. Na hakuna hata siku moja aliyotuacha tulale kabla zimwi halijapasuliwa tumbo na watoto wote kutoka wazima. Ukaguzi wake haukuandikwa mahali, lakini ulifanyika kila usiku, kwa kila mtoto.

Narudi kwa yule mwanafunzi. Jumatatu yake nilimwita, tukaketi kwenye ngazi za bwalo. Nilimwomba radhi, jambo ambalo wakuu wa shule wa zama zetu hawakuwa wepesi kulifanya. Kisha nikamwambia, "Yule mwanasimba hakumwua baba yake."

Akanitazama. "Mbona mkubwa alimwambia?"

"Mkubwa alisema uongo. Mwisho wa filamu anakiri mwenyewe."

Hakuwa amesikia mwisho, kwa maana alikuwa ameziba masikio. Akanyamaza kitambo, halafu akauliza kama anaweza kuusikia.

Jumamosi tulimwashia deki peke yake. Alikuwapo mwalimu wake, alikuwapo mama yake, nami nilikaa karibu na mashine, kidole juu ya kitufe cha kusimamisha. Niliisogeza mbele sehemu ya korongo alipotikisa kichwa. Ilipofika mahali yule ndugu anapokiri kuwa ndiye aliyemwua mfalme, mtoto alimgeukia mama yake, na mama yake akamshika mkono. Hawakusema neno. Nami sitadai kwamba siku ile ilimponya. Msiba hauponi kwa mkanda wa video. Lakini hakuziba masikio.

Mkanda ulikuwa uleule, na pembetatu ya kijani ilikuwa palepale kwenye jalada. Safari hii tu ndipo nilipokuwa nimemtazama mtoto kwanza.